Kabla Hujalipia Leza

Simama siku moja Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, uangalie bidhaa zinazoshushwa kwenye malori na zinazovushwa kwa baiskeli, utaona jinsi leza zilivyoingia katika maisha yetu. Fundi wa mihuri ana mashine inayochonga mpira kwa mwanga. Mjenzi ana kifaa cha kupimia chumba, kinatosha mfukoni. Keshia wa duka kubwa anaelekeza mwanga mwekundu kwenye mistari ya pakiti ya sukari, bei inajitokeza. Saluni zinatangaza kuondoa nywele za kidevuni moja kwa moja. Watoto wanamulikana kwa tochi za kijani jioni. Na mgonjwa wa kisukari anaambiwa hospitalini kwamba jicho lake linahitaji leza, anarudi nyumbani na hofu, na tarehe ya kurudi inampita.

Naandika hasa kwa ajili ya huyo mgonjwa, na kwa ajili ya mtoto mwenye tochi. Mmoja anakimbia leza ambayo ingemwokoa, mwingine anachezea leza ambayo inaweza kumpofusha. Wote wawili wamekosa habari ile ile, kwamba leza si kitu kimoja. Ya kusoma bei dukani kwa kawaida haifiki miliwati moja. Ya kuchomelea chuma hupita wati elfu moja, yaani zaidi ya mara milioni. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba kifaa chake ni cha leza, bado hajakuambia kitu. Muulize nguvu yake ni wati au miliwati ngapi, mwanga wake una urefu gani wa wimbi, na kilitengenezwa kwa kazi gani. Akibabaika, usitoe hela.

Urefu wa wimbi hupimwa kwa nanomita, na ndio unaoamua mwanga utapenya wapi na utaishia wapi. Balbu ya nyumbani hutawanya mawimbi ya kila aina kila upande. Leza hutoa wimbi la aina moja, katika mwale mwembamba ambao unaweza kukusanywa ukawa nukta ndogo kuliko unene wa unywele. Albert Einstein aliandika kanuni ya leza mwaka 1917, lakini leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipoiwasha huko Malibu, California, kwa fimbo ya rubi. Miaka 14 baadaye, Juni 1974, pakiti ya chingamu ilisomwa bei kwa leza kwenye duka moja la mji wa Troy, Ohio, na biashara ya rejareja haikurudi nyuma tena.

Tuanze na tochi. Ukiishika moja uisome, utakuta ubavuni kibandiko cha njano chenye onyo la hatari, namba ya nanomita, mara nyingi 532 kwa ya kijani au 650 kwa nyekundu, na maneno kwamba nguvu haizidi miliwati 5. Usiyategemee maneno hayo. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima tochi 122 za leza: karibu asilimia 90 ya za kijani, na asilimia 44 ya nyekundu, hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Kama huko kwenye maabara na sheria kali hali ni hiyo, sijui kwa nini sisi tuamini kibandiko cha kitu kilichopangwa juu ya turubai kando ya barabara.

Za kijani zina ubaya wa ziada. Nyingi huanza na mwanga usioonekana, wa infraredi, kisha kioo maalumu ndani yake huubadilisha ukawa wa kijani. Inatakiwa kuwe na kichujio cha kuzuia masalio ya infraredi yasitoke. Kwenye tochi za bei ya chini kichujio hicho mara nyingine hakipo. Mtoto anaona kijani, lakini jichoni yanaingia yote mawili, na jicho halipepesi kwa mwanga lisiouona.

Kuhusu jicho lenyewe, lenzi yake hukusanya mwale wa leza juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho, namna ile ile kioo cha kukuza kinavyokusanya jua mpaka karatasi ikatoboka. Kupepesa huchukua kama robo ya sekunde, na robo hiyo inatosha kukulinda kama mwanga unaonekana na nguvu yake haifiki miliwati moja. Ikizidi sana hapo, madhara yanatangulia kope. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo mtoto hatalia. Siku ya pili au ya tatu atasema ubaoni kuna doa, au mstari ulionyooka anauona umepinda, na mwalimu atadhani anatafuta sababu ya kutosoma.

Basi mzazi, kama tochi ya leza ipo nyumbani itoe betri, uitupe. Usimpe mtoto wa jirani. Mwalimu anayehitaji kuonyesha ubaoni atafute nyekundu iliyoandikwa daraja la 2, yaani isiyozidi miliwati moja, au arudi kwenye fimbo, ambayo haijawahi kumpofusha mwanafunzi wa mstari wa mbele. Na wewe kijana unayemulika madereva wa malori kwenye foleni ya Malaba usiku, elewa kwamba macho ya binadamu huona kijani kuwa kikali kuliko nyekundu yenye nguvu ile ile. Dereva anayemulikwa haoni barabara kwa sekunde kadhaa, na ana tani nyingi za mzigo nyuma yake. Mtu akishapigwa na mwale na akaona doa, asisugue jicho wala asinunue matone dukani. Aende kwa daktari wa macho haraka, na aende na tochi yenyewe ili namba zake zisomwe.

Sasa mafundi. Kwenye karakana zetu zinakuja mashine za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Ya kwanza ni ya kaboni dioksidi, yenye bomba la kioo, ya wati 40 hadi 100 na ushee. Inachonga mihuri, mbao, ngozi, akriliki na kadi za harusi. Wimbi lake ni nanomita 10,600. Mwanga huo hauonekani, ila hauwezi kupita kwenye kioo cha dirisha wala akriliki angavu, ndiyo maana kifuniko cha mashine kinatosha kumlinda fundi kikiwa kimefungwa. Ya pili ni ya nyuzi za kioo, ya kuandika namba kwenye chuma, kukata bati, au kuchomelea kwa mkono. Wimbi lake ni kama nanomita 1,064 hadi 1,080. Hilo nalo halionekani, lakini linapita kwenye kioo na akriliki bila taabu, linapita kwenye lenzi ya jicho, linatua kwenye retina. Fundi aliyezoea ya kwanza akinunua ya pili, akatazama kazi yake kupitia akriliki ile ile, hana kinga yoyote. Miwani ya kuchomelea ya kawaida nayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Tafuta iliyoandikwa urefu wa wimbi wa mashine yako pamoja na kiwango cha kinga, na umnunulie pia kijana wako wa kazi, kwa sababu mwale unaodunda kwenye chuma cha pua haumchagui mwenye karakana. Mashine ya kuchomelea kwa mkono iwekwe chumba chenye mlango unaofungika. Haifai barazani ambako wateja na watoto wanapita.

Jambo linaloniumiza zaidi katika karakana hizi ni moshi wa PVC. Reksini ya viti, turubai za plastiki na vibandiko vya magari vingi ni PVC. Ukiipiga leza hutoa gesi ya asidi yenye klorini. Gesi hiyo inachoma mapafu, na hata ukifungua madirisha inakula reli, lenzi na mabano ya mashine mpaka yanapata kutu katika muda mfupi. Wateja wataleta reksini wakisema ni ngozi. Jaribio la kuitambua halihitaji maabara. Nenda nje, penye upepo. Shika waya wa shaba kwa koleo, uupashe moto kwenye jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na mwali usiwe na rangi ya ajabu. Gusisha waya huo wa moto kwenye kipande kidogo cha plastiki ili kishike kidogo, kisha urudishe kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani yake, na kazi hiyo uikatae au uifanye kwa mkasi. Simama upande upepo unakotoka, usivute moshi wake.

Mashine ya bomba la kioo inatumia umeme wa volti elfu nyingi ndani yake. Waya wa ethi uwe umeingia ardhini kweli, usiachwe unaning'inia nyuma ya mashine. Maji ya kupooza yawe yanazunguka kabla hujabonyeza kitu, maana bomba likiwaka dakika chache bila maji linapasuka, na umeme wetu unaokatika na kurudi ghafla unaweza kuzima pampu huku wewe unaangalia kitu kingine. Weka kidhibiti cha umeme. Weka kizima moto. Usitoke kwenda kunywa chai mashine ikikata mbao.

Unaponunua upande mmoja wa mpaka na kufanyia kazi upande mwingine, andikianeni nani atabeba gharama ya bomba likifa, na atakuja wapi kulibadilisha. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018 na marais Museveni na Kenyatta, kuvuka kumekuwa rahisi, na wafanyabiashara wadogo wanaufahamu utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya. Mashine ya leza iliyotoka China haiingii humo hata kama bei yake ni ndogo. Pitia kwa wakala wa forodha, upate karatasi zako. Mashine iliyopita njia za panya haina risiti ya kumwonyesha muuzaji inapoharibika.

Mwanga wa leza usioonekana, kama ule wa mashine za karakana, ndio pia unaobeba mawasiliano yetu. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, nyuzi za kioo ziliendelea kupanda bara mpaka huku na kuvuka kwenda Kampala, kwa hiyo ujumbe wa simu wa mtu wa Mbale mara nyingi umeshakuwa mwanga wa leza mahali fulani njiani. Kijana anayefunga intaneti majumbani asichungulie ncha ya uzi kuona kama unafanya kazi. Hataona chochote, uwe hai au umekufa. Atumie kipimo. Vipande vya uzi alivyokata avitie kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu kikiingia kidoleni au jichoni mwa mtoto anayetambaa hakionekani wala hakitoki kirahisi.

Kwa wajenzi nina machache, kwa sababu hapa leza imeleta faida safi. Kipimo cha leza kinakupa urefu wa chumba kwa sekunde moja bila mtu wa kushika ncha ya tepu. Kosa la kawaida ni kusahau kimewekwa kupima kuanzia mgongoni au puani pa kifaa. Urefu wa kifaa kizima unaingia kwenye hesabu, na mlango uliotengenezwa Tororo unafika Nagongera haukubali fremu. Kabla ya kazi pima kitu unachokijua urefu wake. Kwa leza ya kupigia usawa, ile inayochora mstari ukutani, usikubali kuinunua kabla ya kuijaribu dukani. Iweke karibu na ukuta wa kwanza, chora alama mstari ulipopita kwenye ukuta huo na kwenye ukuta wa pili mkabala wake. Ihamishie karibu na ukuta wa pili, uipandishe au uishushe mpaka mstari ukae juu ya alama ya hapo. Sasa tazama ukuta wa kwanza. Mstari ukiwa juu au chini ya alama yake, nusu ya pengo hilo ndiyo kosa la kifaa kwa umbali huo. Pengo la upana wa kidole kwenye chumba cha mita tano maana yake mpira wa maji wa babu yako ni sahihi kuliko hicho kifaa. Na mtu asikupimie shamba kwa kifaa cha dukani akakuambia mpaka umethibitika. Mpaka wa shamba ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni.

Upande wa Tiira na machimbo mengine ya dhahabu ya Busia, kuna jambo nalisema bila kuzunguka. Mwale wa leza haupenyi udongo. Unaishia juu kabisa, kwenye vumbi la kwanza unaloligusa. Vipo vifaa halali vya maabara vinavyopiga leza juu ya jiwe na kusoma madini kwa rangi za cheche zinazotoka, lakini vinasoma pale palipopigwa tu. Kifaa chochote kinachodai kuona dhahabu mita kumi chini ya ardhi kwa leza ni utapeli, hata kama kina kioo cha namba na sanduku zuri. Kikundi kinachochanga pesa ya kununua kifaa hicho kingenunua nayo mashine ya kuosha mchanga bila zebaki.

Vivyo hivyo vifaa vya kuua mbu kwa leza. Wazo lenyewe si la uongo. Tangu miaka ya 2000 kuelekea mwisho, wahandisi nchini Marekani wamekuwa wakijaribu uzio wa mwanga unaomtambua mbu akiruka na kumpiga. Karibu na sisi zaidi, Septemba 2016 watafiti walielekeza mwale wa leza juu ya mashamba ya Lupiro, Tanzania, siku jua lilipopatwa, wakahesabu wadudu wanaoruka na kuona mbu wa malaria wakibadilisha mwenendo giza lilipoingia mchana. Hiyo ni elimu ya thamani. Lakini Tororo ni mahali ambapo utafiti wa miaka ya 2001 na 2002 ulikadiria mtu kuumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Kwa mzigo wa namna hiyo chandarua chenye dawa, upuliziaji wa nyumba na kupimwa mapema ndivyo vyenye ushahidi. Kifaa cha sokoni chenye taa ya buluu na jina la leza kisimwondolee mtoto wako chandarua.

Akina dada wanaouliza kuhusu nywele za kidevuni na vipele vya ndevu, swali lenu kwa saluni liwe moja: ni leza ya nanomita ngapi? Leza ya nywele hufanya kazi kwa kupasha moto rangi iliyo kwenye shina la unywele. Ngozi yetu nyeusi nayo ina rangi hiyo hiyo, kwa hiyo wimbi fupi, mathalani nanomita 755, huishia kuchoma ngozi kabla ya kufika kwenye shina. Wimbi la nanomita 1,064 hupita chini zaidi na ndilo salama zaidi kwetu. Mashine nyingine zinazoitwa leza ni taa kali tu ya mwanga mchanganyiko, na hizo zimeacha mabaka kwenye nyuso nyingi nyeusi. Dai wajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, kisha usubiri wiki mbili au zaidi, kwa sababu weusi unaotokana na kuungua huchelewa kujitokeza. Kama una historia ya makovu yanayovimba, au unapaka mkorogo, mwone daktari wa ngozi kwanza. Na usikubali kulazwa bila kufunikwa macho.

Sasa nirudi kwa yule mgonjwa wa kisukari aliyeogopa.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu kwenye retina hulegea na kuvuja. Mingine huziba, na jicho likikosa hewa huotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka na kujaza damu ndani. Mtu anaweza kuwa na yote hayo na bado akasoma Biblia au Kurani bila taabu, ndiyo maana anaona daktari anamsumbua. Leza inayotumika hapo hupiga alama nyingi ndogo pembeni mwa retina, mara nyingi zaidi ya elfu moja kwa jicho, ili sehemu zilizokosa damu ziache kudai mishipa mipya. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba tiba hiyo inapunguza upofu mkali kwa nusu au zaidi kwa wagonjwa waliofikia hatua hiyo. Siku hizi kuna sindano za dawa ndani ya jicho pia, na daktari anaweza kuchagua moja au kuunganisha zote. Lakini sindano zinataka kurudi kila baada ya wiki kadhaa, na mtu wa kijijini anayekatisha ratiba yake anaweza kupoteza jicho. Kwake leza bado ni kinga ya kutegemewa.

Utakachokutana nacho ni hiki. Unawekewa matone ya kupanua mboni, unasubiri kama nusu saa. Unakaa mbele ya mashine, kidevu juu ya egemeo, paji la uso limegusa mkanda. Daktari anakutia matone ya ganzi, kisha anaweka lenzi yenye ute juu ya jicho, inakuzuia kupepesa. Halafu miale ya kijani inamulika haraka haraka na unasikia mashine ikibofya. Wengine hawahisi kitu, wengine wanahisi kuchomwachomwa nyuma ya jicho, na ukizidiwa mwambie daktari apunguze. Hakuna kisu wala damu. Mara nyingi kazi hugawanywa siku mbili au tatu, kwa hiyo panga nauli ya safari zote kabla hujaanza. Utaona ukungu siku kadhaa. Uoni wa pembeni na wa gizani unaweza kupungua kwa kudumu, na wewe dereva wa lori la usiku umwambie daktari kazi yako mapema. Leza hii hairudishi uoni uliopotea, inalinda uliobaki. Anayengoja mpaka asione ndipo aende, amefika wakati leza ina kidogo cha kumpa.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, na hapa watu wanatapeliwa kwa jina. Sehemu nyingi huku mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji wa tundu dogo na kuwekewa lenzi, kazi ambayo madaktari wetu wanaifanya vizuri sana bila leza yoyote. Hata mashine ya kisasa inayovunja mtoto wa jicho hutumia mawimbi ya sauti. Mtu akikutoza pesa zaidi akisema ni leza, muulize sehemu gani ya kazi ni leza. Pale leza inapohitajika kweli ni baadaye. Kwa baadhi ya waliopasuliwa, utando unaoshika lenzi hupata ukungu miezi au miaka baadaye, nao wanadhani ugonjwa umerudi. Leza hutoboa utando huo kwa dakika chache bila kukata jicho. Mama mzee aliyepasuliwa zamani na sasa haoni tena, asikate tamaa nyumbani. Apelekwe akaangaliwe.

Presha ya macho ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu huua neva ya jicho kimya kimya, huanza pembeni, na watu weusi huipata mapema na vibaya zaidi. Tiba ya kawaida ni matone kila siku maisha yote. Matone huisha, duka la dawa liko mbali, pesa imekwenda kwenye karo. Hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, ilifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukiwahusisha wagonjwa 201. Wengine walipewa matone ya timolol, wengine leza laini inayopigwa kwenye mfereji unaotoa maji ya jicho. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu kwenye asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yaliyopewa matone. Hao ni wagonjwa wa Afrika Mashariki, wenye macho na maisha yanayofanana na yetu. Kwa hiyo ukiambiwa una presha ya macho, uliza waziwazi kama leza hiyo inakufaa na inapatikana wapi. Bado utapimwa mara kwa mara, maana nguvu yake hupungua baada ya miaka na huenda ikarudiwa.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Tororo kuna hospitali ya macho ya Benedictine, na upande wa Kenya kuna Sabatia, kaunti ya Vihiga. Piga simu kabla ya safari uulize kama mashine ya leza unayoihitaji ipo na inafanya kazi wiki hiyo, na kama haipo wakuelekeze iliko. Beba kitabu chako cha kliniki ya sukari, vipimo vya karibuni, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri, na akatae kuondoka kama hajapanuliwa mboni, kwa sababu bila hilo ni vigumu kuona retina yote. Matone hayo yatakuacha na mwanga mkali machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo usijiendeshe, chukua kofia na mtu wa kukusindikiza. Kama unakwenda kwa ajili ya presha ya macho, mtu huyo awe ndugu yako wa tumbo moja au mtoto wako mkubwa. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya familia, naye apimwe siku hiyo hiyo, kwa nauli ile ile.